Nira ya Mzee Kanuni

Wabunge wenzake walimwita Mzee Kanuni, na jina lenyewe halikuwa la kejeli wala la sifa. Lilikuwa jina la kazi. Mbunge mgeni akitaka kujua kama anaruhusiwa kusimama mara ya pili katika mjadala mmoja, hakujisumbua kufungua kitabu. Alimtafuta yule mzee mrefu aliyekaa karibu na nguzo, akamwuliza, akajibiwa, akaenda zake. Hata Spika akibanwa alimtupia jicho kwanza. Mzee akitikisa kichwa, uamuzi wa Spika uligeukia njiani kabla haujafika mdomoni.

Uwaziri hakuwahi kuupata. Aliingia katika Bunge lile la jimbo akiwa na nywele nyeusi na suruali ya kuazima, akapita chini ya maspika wanne, akaona mazulia yakibadilishwa rangi mara nyingi kuliko serikali. Chama chake kilishika madaraka, kikanyang'anywa, kikayapata tena, na yeye alikuwa palepale karibu na nguzo. Tukisema ukweli, Bunge la jimbo si mahali pa kutafutia utukufu. Kazi yake kubwa ni kamati, na kazi kubwa ya kamati ni kungoja wajumbe watimie. Sheria iliyokuwa yake mwenyewe, tangu wazo hadi sahihi, ilikuwa moja tu: ile inayotaka vyoo vyote vya umma viwe na milango inayofungika kwa ndani. Wapiga kura wake waliicheka mpaka wakachoka. "Wenzetu wameletewa barabara, sisi tumeletewa komeo," walisema. Lakini walicheka wakiwa wamejifungia, na yeye akajiambia hilo linatosha.

Halikutosha. Kulikuwa na muswada mwingine, na huo ndio uliomkosesha usingizi miaka yote.

Eneo lake la uchaguzi lina machimbo ya mawe. Mawe hupasuliwa, yakasagwa kwa mashine yakawa kokoto, na vumbi lake jeupe hukaa juu ya kila kitu na ndani ya kila mtu. Muswada wa Mzee Kanuni ulidai jambo dogo: mwenye mashine ya kusaga mawe ayamwagie maji wakati yanasagwa. Basi. Haihitaji shahada kujua kwamba jiwe lililolowa halitoi vumbi. Ila maji yanataka bomba, bomba linataka pampu, na wenye machimbo hawakutaka kimojawapo. Kwa hiyo kila Bunge jipya muswada uliingia kwenye kamati ukiwa mzima wa afya, ukafia humohumo.

Mdogo wake alikuwa mpasua mawe. Walipokuwa vijana, wazazi wao walikuwa na uwezo wa kumsomesha mmoja, na mdogo mtu ndiye aliyesema, bila kuombwa, kwamba yeye vitabu vinampa usingizi. Haikuwa kweli. Akaingia machimboni, kaka mtu akaenda shule. Sasa alikuwa amebaki mifupa na macho. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika njiani, kiganja ukutani, huku mkewe akifagia mahali palipokwisha fagiliwa ili asionekane anamngoja.

"Kaka," alimwambia Mzee Kanuni siku moja, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache, "mimi sheria yako hainisaidii kitu. Vumbi langu nimeshalila. Lakini mwanangu yuko kwenye mashine ileile. Anakohoa asubuhi, nikimwuliza ananiambia ni baridi. Baridi gani, na joto hili?"

"Safari hii itapita."

"Ulisema hivyo safari ile."

Wakacheka wote wawili, mdogo mtu akaacha kwanza kwa sababu kucheka kulikuwa kumeshakuwa kazi ngumu.

Safari hii, hata hivyo, palikuwa na matumaini. Chama kilikuwa kimeshampa mtu mwingine nafasi ya kugombea, na Mzee Kanuni alikuwa anamalizia muhula wake wa mwisho. Watu huwa wakarimu kwa anayeondoka. Wajumbe wa kamati, ama kwa huruma ama kwa kumuaga, wakauachia muswada ukatoka. Kura ya mwisho ikapangwa siku ya mwisho kabisa ya kikao. Kesho yake Bunge lingevunjwa ili watu waende kwenye uchaguzi, na muswada wowote ambao haujapita ungevunjika nalo.

Mnadhimu wa chama chake, mama mmoja mwenye simu mbili na subira ya nusu mtu, alihesabu kura za pande zote, akarudia, akakuta zinalingana sawasawa. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Ilikuwa inahitajika moja tu zaidi.

Hiyo moja ikapatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeiombea. Radi aliugua.

Radi alikuwa mbunge wa upande wa pili, mnene, mwenye sauti iliyowahi kuzimisha kipaza sauti, kama wanavyosimulia wanaopenda kutia chumvi. Naye alikuwa na machimbo kwake, na kwa muswada wa vumbi alikuwa adui wa kuaminika: kila ulipoletwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuupinga. Alipatwa na shambulio la moyo akiwa anapanda ngazi za Bunge, akabebwa hospitalini. Jioni ileile alimpigia Mzee Kanuni, sauti imepungua mpaka ikawa ya mtu wa kawaida.

"Kanuni. Nira?"

"Nira," akajibu Mzee Kanuni papo hapo.

Neno lilitoka kabla ya akili. Alikuwa ameshakata simu ndipo alipokumbuka ni wiki gani ile. Akakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, akajilaani kwa sauti.

Nira ilikuwa desturi ya wabunge wale, na haikuandikwa popote. Mbunge wa upande mmoja akizuiwa na ugonjwa au msiba, humwomba mmoja wa upande wa pili naye asipige kura, ili maradhi ya mtu yasiwe ushindi wa mwenzake. Wakaiita nira kwa sababu ng'ombe mmoja akisimama, na wa pili husimama. Haina karatasi, haina shahidi. Kengele ya kura ikilia, aliyefungwa huenda mgahawani, akanywa chai mpaka mambo yaishe. Anayeweza kuifungua ni yule aliyeiomba tu. Mzee Kanuni na Radi walikuwa wamefungana hivyo miaka mingi. Siku Mzee Kanuni alipomzika mkewe, ilipigwa kura ya bajeti, na Radi alikaa mgahawani peke yake huku chama chake kikimtafuta mpaka msalani. Walikaribia kumla mbichi. Hakutoka.

Kwa hiyo kura iliyopatikana ikawa imepotea. Mnadhimu aliposikia, aliweka simu zote mbili mezani, jambo ambalo halikuwa dogo.

"Mzee, umesema nini?"

"Umesikia."

"Nira si kanuni. Haimo kwenye kitabu. Wewe mwenyewe unajua."

"Ndiyo maana naishika. Iliyomo kwenye kitabu inajishika yenyewe."

"Mzee wangu, na mdogo wako? Wanasema damu ni nzito kuliko maji."

Mzee Kanuni alichukua kofia yake, akaenda hospitalini.

Radi alilazwa chumba cha peke yake, mipira puani, tumbo limeinua shuka. Mkewe alikuwa dirishani anamenya chungwa ambalo hakuna aliyelitaka.

"Karibu, shemeji," alisema. "Mwambie rafiki yako asiongee sana."

"Umekuja kuniona au kunihesabu?" aliuliza Radi.

"Kukuona."

"Mwongo. Umekuja kuomba nikufungue, ila mdomo umekuwa mzito."

Mzee Kanuni akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mdogo wangu hawezi kufika mlangoni."

"Najua," alisema Radi. "Na mimi nina watu ambao mashine zikizimwa, hawali. Wenye machimbo wameshaniambia: bomba likija, nusu ya mashine zinafungwa. Labda wanatisha tu. Labda hawatishi. Vumbi linaua polepole, Kanuni. Njaa haina subira. Ningekuwepo pale ningepiga siyo, na ungeisikia."

"Najua."

"Basi sikufungui."

"Sawa."

"Umekasirika?"

"Sana."

Radi akacheka, kicheko kikamgeukia kikawa maumivu, mkewe akatupa chungwa akaja kumshika bega. "Mnaona sasa? Watu wazima hovyo!" aliwagombeza wote wawili. Mzee Kanuni akaaga. Aliondoka na hasira yake yote, lakini njiani alijikuta anakubali kwamba yule mtu hakumdhulumu. Radi angekuwa mzima, kura zingelingana na muswada ungeanguka vilevile. Nira ilikuwa inarudisha tu mambo yalivyokuwa. Hesabu hiyo aliielewa vizuri sana, na haikumfariji hata kidogo.

Siku ya kura, mjadala ulichukua mchana mzima. Mzee Kanuni alizungumza mara yake moja, kwa utulivu, kisha kengele ilipoanza kulia alinyanyuka akatoka, wenzake wa upande wake wakimtazama mgongoni. Mnadhimu hakumtazama kabisa. Mgahawani hapakuwa na mtu ila mhudumu, aliyemwekea chai bila kuulizwa. Kengele ile hulia dakika kadhaa ili walio mbali wawahi, na ikinyamaza, milango ya ukumbi hufungwa. Alikoroga sukari. Akakoroga tena. Simu ikatetema mezani.

"Shemeji." Alikuwa mke wa Radi.

"Naam, shemeji."

"Ametutoka." Sauti yake ilikuwa kavu. "Sasa hivi tu. Daktari ndiyo anatoka. Sijamwambia mtu yeyote, nimekupigia wewe. Wewe ndiye utawaambia wenzake."

"Pole, shemeji. Pole sana." Akaweka kijiko mezani. "Nitawaambia."

Akabaki na simu mkononi. Kengele bado ilikuwa inalia.

Sasa, kuna kifungu ambacho wabunge wengi hawakijui kwa sababu hakitumiki mara nyingi. Mbunge akifariki wakati Bunge linakaa, Spika akishapewa taarifa, shughuli zote husimama hapohapo, na kikao huahirishwa hadi siku ifuatayo kwa heshima ya marehemu. Mzee Kanuni alikijua kwa moyo, na siku nyingine yoyote angeona ni kifungu cha kiungwana. Lakini leo siku ifuatayo haikuwepo. Akimwambia Spika, muswada umekufa. Akibaki na chai yake, umekufa vilevile. Palikuwa na njia moja tu ya kuuokoa, nayo ilikuwa kuingia mle ndani, kunyamaza, na kupiga kura.

Je, alikuwa bado amefungwa? Mbunge mwingine angemwuliza swali hilo, angemjibu mara moja: maiti hashiki nira. Ila angeongeza pia: kwanza nenda kamwambie Spika. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi, na alikuwa nayo yote mawili kichwani alipokuwa anasimama. Liwalo na liwe, alisema kwa sauti, mhudumu akageuka akidhani ameitwa. Njia nzima, tangu mgahawani hadi ukumbini, alikuwa anauona mkono wa mdogo wake ukipapasa ukuta, na kijana aliyesimama nyuma ya baba yake akidai ni baridi. Radi hakumjia akilini hata mara moja. Hilo lilikuja kumtisha baadaye kuliko kura yenyewe.

Alipita mlangoni askari akiwa ameshashika kitasa. Mwanzoni watu walidhani mzee amepotea njia. Alipokaa, upande wa pili ukalipuka.

"Nira! Nira!"

"Mzee, aibu! Mwenzako yuko kitandani!"

Spika akagonga meza. Alimtazama Mzee Kanuni kama aliyekuwa anangoja kichwa kitikiswe, kisha akamwashiria karani aanze kuita majina. Kila aliyeitwa alijibu ndiyo au siyo. Karani alipofika kwenye jina la Mzee Kanuni, jibu lilitoka dogo mno.

"Mheshimiwa, sijakusikia," alisema karani kwa adabu. "Naomba urudie."

"Ndiyo," akarudia Mzee Kanuni, na safari hii ukumbi mzima ulisikia.

Karani akaendelea. Akaliita na jina la Radi, kwa kuwa kila jina lazima liitwe. Akangoja kidogo, akaandika kwamba hayupo. Mzee Kanuni alikuwa anatazama viatu vyake.

Muswada ukapita kwa kura moja. Upande mmoja ulipiga meza, upande wa pili ulizomea. Makelele yalipotulia, Mzee Kanuni akasimama. "Mheshimiwa Spika, nina taarifa," alisema, na akaitoa. Hakuna aliyemwuliza ameipata lini. Watu walikuwa wamesimama kimya, wengine wanalia, na Spika akaahirisha Bunge kwa sauti iliyokuwa inakatika. Siku ifuatayo, kama ilivyojulikana, haikuwepo.

Nje kwenye ngazi mdogo wake alipiga simu.

"Kaka, imepita?"

"Imepita."

Akasikia pumzi, kisha kikohozi kirefu, kisha sauti ya shemeji yake wa kike: "Anashindwa kusema, shemeji. Analia. Amesema nikwambie asante." Mzee Kanuni alifurahi. Alifurahi kweli, furaha ya kutaka kukaa chini, na akaona haya kwa kufurahi.

Siku za kabla ya mazishi kila upande ulikuwa na simulizi yake. Chama chake kilisema mzee wao amewaonyesha wakubwa jinsi ya kufa na kupona kwa ajili ya wananchi. Upande wa pili ulisema amemvunjia nira mgonjwa, na mgonjwa kafa kwa hilo. Wachache walisema aliarifiwa baada ya kura. Wengine walinong'ona kwamba alikuwa anajua. Yeye hakumsahihisha mtu. Mbali na yeye, aliyekuwa anaujua ukweli alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa na maiti wa kuzika.

Msibani alikuta viti vimepangwa safu safu. Alipokaa penye wabunge wa upande wa Radi, aliyekuwa karibu naye alikumbuka ana shughuli mahali pengine, na wa pili akamfuata. Akakaa hivyo, nafasi tupu kulia na kushoto, hadi jeneza lilipotolewa na kuzikwa. Watu walipoanza kutawanyika, alimfuata mjane barazani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho yamevimba, anashukuru watu mmoja mmoja.

"Shemeji, pole."

"Nimeshapoa. Kaa."

Hakukaa.

"Nasikia sheria yako imepita," alisema mjane.

"Imepita."

"Angekasirika huyo!"

"Angekasirika sana."

Mjane alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Mimi nimekuwa mke wa mbunge maisha yangu yote. Ile kengele yenu naijua. Nilipokupigia, nyuma yako ilikuwa inalia."

Mzee Kanuni alikuwa amekuja na maneno. Aliyapanga njia nzima: maiti hashiki nira, mdogo wangu hafiki mlangoni, kijana anakohoa. Yote yalikuwa kweli. "Ilikuwa inalia," alisema.

Mjane akaitikia kwa kichwa, hakuonekana kushangaa.

"Nataka nikwambie kwa nini nilikupigia wewe," alisema. "Mnadhimu wa chama chake alikuwa ananipigia asubuhi na jioni, mgonjwa anaendeleaje, mgonjwa anaendeleaje. Ningeweza kumwambia yeye. Lakini marehemu mwenyewe aliniagiza, akiwa bado ana akili zake. Alisema, nikifa, mwambie Kanuni kwanza. Hao wengine watanigeuza kura."

Akainuka, akajifunga vizuri kanga yake, akaenda kuwaaga wageni waliokuwa wanamngoja langoni.